Ukuta Uliotoka Jasho

Ndugu zangu mafundi, mmeniuliza vipi mtu aliyefukuzwa kazi mji huu wa Amu alikuja kukabidhiwa ukuta wa kibla wa msikiti huu tulioketi. Alhamdulillahi, nitasema, na jina la mtu sitataja. Mwenye kujijua atakohoa.

Nilitoka Chundwa na mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Fundi mmoja wa chokaa akanichukua. Bwana yule hasifu mtu, nami nilitaka anione, basi nikawa napaka upesi kuliko wenzangu, tena naimba ili asikie.

Tajiri mmoja alikuwa akimjengea binti yake nyumba ya harusi. Chumba cha ndani nikapewa mimi. Nawaambia, niliupenda ukuta ule. Mwanga wa asubuhi ukiingia, ulikuwa mweupe kama maziwa, nikajiona naelea ndani yake. Lakini maji ya chokaa yalitakiwa yatoke Shela, kwenye visima vya mchangani, mwendo mrefu na punda. Mimi kwa haraka zangu nikateka kwenye kisima cha pwani, ambacho chumvi yake nyote mwaijua.

Fungate haijesha, masika yakaingia, na ukuta ukatoka jasho. Unga mweupe ukamwangukia bibi harusi juu ya hariri zake. Mamake akapitisha kidole ukutani, akakilamba, akamwambia fundi wangu mbele ya watu, "Bwana, huu ni munyu."

Fundi hakunikaripia. Alichukua mwiko wangu, akaenda zake. Miezi mingi nikawa naota ukuta ule unalia, naupangusa kwa kanzu yangu, haukauki. Hata kurudi kwetu niliona haya.

Mwishowe mke wa fundi, Mola amzidishie, akaniombea nirudi, lakini kuteka maji tu. Kila alfajiri nikaenda Shela na punda. Kila mtungi niliuonja kabla ya kuumimina kwenye chokaa. Wenzangu wakacheka, "Huyu anakunywa ukuta." Sikuonja ili nionekane, niliiogopa ile ndoto. Nikazoea pia kuifunika mitungi na kuosha miiko ya wenzangu. Kuimba niliacha.

Siku moja nikaonja, nikakuta chumvi. Mtu alikuwa amesuuza mitungi kwa maji ya pwani. Nikamwaga yote, nikarudi Shela kwenye jua kali, na kazi nzima ikasimama kuningoja. Nilijua nafukuzwa mara ya pili. Niliporudi, fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi.

"Hayo mai yana munyu?"

"Hayana, bwana."

Akayaonja mwenyewe. Kisha akasema, "Kesho uye na mwiko. Kuna kibla cha kupakwa."

Nikamwambia mwiko wangu anao yeye. Akautoa kapuni mwake pale pale, safi, umepakwa mafuta. Muda wote ule alikuwa akiutunza. Ndugu zangu, nililia.

Namshukuru bibi aliyeniombea, na nyinyi mlionicheka mkaniacha nionje. Ninalowaambia ni dogo: fanyeni vizuri hata lile mnalodhani halina mtazamaji. Namshukuru na fundi wangu. Masika yaliyopita aliingia humu akidhani hakuna mtu, akapitisha kidole kwenye ukuta huu wa kibla, akakilamba, akatabasamu. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo.

Mmesikia? Amekohoa.