Bi Waridi Mwinyimvua: Mmoja Abaki Ndani ya Mashuka

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Waridi Mwinyimvua, mhudumu wa huduma ya kwanza wa Umoja wetu wa Wauza Mashuka na Mapazia, Kariakoo, anastaafu baada ya miaka ishirini na nane ya kazi. Kamati imeniomba niandike na kuwasomea wasifu mfupi, mpole na wa furaha. Furaha ipo. Ufupi nitajitahidi. Upole sikuahidi.

Alizaliwa Magomeni, akasomea uuguzi msaidizi, akaja kwetu mwaka 1997, enzi ambazo mtaa huu bado ulikuwa na nyumba za chini zenye baraza. Alipewa chumba kilicho chini ya ngazi: kitanda kimoja, feni moja, beseni, na kabati ambalo mlango wake haujawahi kufunga vizuri. Humo amewafunga bendeji wakata vitambaa waliojikata vidole, amewakanda migongo wabeba marobota, na amewapepea wateja waliozidiwa na joto la Februari. Kuna mwenye duka mmoja, simtaji kwa sababu amekaa humu ukumbini na mkewe, ambaye kwa miaka mitatu kichwa kilimuuma kila siku mkewe alipokuja kukagua duka. Bi Waridi alimruhusu alale, akamfunika shuka, na hakumpa hata panadoli moja. "Ugonjwa wako leo umevaa dera la kijani," alimwambia. "Ukishaondoka nitakuamsha."

Kama angefanya hayo tu, tungempa cheti, tukakata keki, tukaenda kula pilau. Lakini Bi Waridi ametufanyia jambo kubwa zaidi, na haliwezi kuelezwa bila kumtaja mdogo wake, Najma.

Waliokuja mtaani baada ya mwaka 2004 hawakumjua Najma. Waliomjua hawajapata wa kumfananisha naye. Aliuza foronya katika duka la kona, na kicheko chake kilifika ghorofa ya tatu. Kila siku saa nne asubuhi alipita kwenye chumba cha chini ya ngazi, akachungulia na kusema, "Dada, bado mzima? Haya, nakwenda." Basi. Hakuwa na shida nyingine. Alitaka tu kumwona dada yake.

Siku moja mchana mwaka huo wa 2004, Bi Waridi akiwa sokoni Mchikichini kununua mitumba ya kukata matambara ya kazini, Najma alianguka mbele ya duka. Wanaume wa mtaa huu wakafanya kile walichofundishwa na mama zao. Walimwona binti wa watu yuko chini, baibui limempanda, wapita njia wanamkodolea macho. Wakakunjua mashuka mapya, yale ya sita kwa sita, wakayashika juu pande zote nne, na wao wenyewe wakageuka wakampa mgongo ili wasimwone. Wakatuma mtu akamwite mwanamke. Akaja mama lishe mmoja, akamfunika miguu, akampepea, akatoka analia. Hakuna aliyeweka mkono juu ya kifua chake. Bi Waridi aliporudi alipenya katikati ya mashuka, akapiga magoti, akabonyeza mpaka mikono ikafa ganzi. Alikuwa amechelewa.

Wapo wanaopenda kila kisa kiwe na mhalifu wake. Hapa hawampati. Wale walikuwa watu wema, wengine bado tunaswali nao na kusali nao. Najma alikufa akiwa amezungukwa na heshima tupu, na heshima ile haikumwingizia hewa hata kidogo.

Baada ya arobaini Bi Waridi alirudi kazini. Tulidhani atawalaani. Aliwaita wote walioshika mashuka siku ile, akiwemo Hamis, wakati huo kijana muuzaji, leo mwenye duka lake, akawaambia maneno ambayo sasa kila mtu mtaani anayajua: "Mashuka mliyashika vizuri. Endeleeni kuyashika. Ila siku nyingine, mmoja abaki ndani."

Kisha akarudi Mchikichini, akanunua gauni la mitumba, akashona mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima. Kifuani aliweka sponji ya godoro na chupa tupu ya plastiki inayolia ukibonyeza kwa nguvu ya kutosha. Akashona na mwanasesere wa pili, mwenye ukubwa wa mtoto wa kunyonya. Wanaume wakambatiza yule mkubwa Shemeji, na yule mdogo Mjukuu. Kila Alhamisi kabla ya maduka kufunguliwa aliwafundisha, nawe ungesikia wakitaniana, "Hamis, zamu yako kwa Shemeji, na leo usimkune, mbonyeze!"

Kelele zikaja, kama kawaida yetu. Wakubwa fulani wakasema ni aibu mwanamume kuweka mikono kifuani mwa mwanasesere aliyevaa gauni. Kamati ya wakati ule ilikaa vikao viwili, ikanywa soda kreti nzima, ikapendekeza Shemeji avishwe suruali na shati. Bi Waridi aliuliza swali moja tu: "Na wake zenu wakianguka, nao tuwavishe suruali kwanza?" Kikao kikafungwa. Aibu ya kweli ni watu wazima kujadili mavazi ya matambara huku kila mmoja ana mama, mke na binti wanaopita mtaa huo huo kila siku.

Yeye hakubali kuagwa bila kufundisha, kwa hiyo wageni waalikwa, somo lake ni hili.

Kwanza tazama usalama wako: waya, gari, moto. Mguse aliyeanguka mabegani, muite kwa sauti. Tazama kifua. Kama hapumui, au anatweta kwa mbali mara moja moja, usijidanganye kwamba anapumua. Hesabu kuwa moyo wake umesimama. Mtu apige simu kuita gari la wagonjwa. Usimmwagie maji, usimnusishe kiatu, usimkimbize kwenye bajaji. Ndani ya bajaji hakuna anayeweza kumbonyeza. Mlaze chali, sakafuni, siyo juu ya marobota. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza kwa uzito wa mwili wako sentimita tano hadi sita, kisha acha kifua kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Kama ni mwanamke na unaona haya, mtupie khanga kifuani ubonyeze juu ya khanga. Haya yako yatabaki, na yeye huenda akabaki pia.

Mwendo ni mara mia hadi mia na ishirini kwa dakika. Nani anaweza kuhesabu hivyo akiwa na kiwewe? Bi Waridi alisikiliza spika za wamachinga zinazolia mchana kutwa, "Jero! Jero! Jero!", yaani shilingi mia tano, akasema mwendo ndio huo. Kila jero, bonyeza mara moja. Jero thelathini, kisha inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mbili. Asiyeweza kupuliza asikimbie. Abonyeze tu bila kukoma. Mpokezane kila dakika mbili, kwa sababu mikono iliyochoka inapapasa.

Akimshika Mjukuu, sauti yake hushuka. Kwa mtoto, mkono mmoja unaweza kutosha. Bonyeza theluthi ya unene wa kifua. Kwa mtoto mchanga ni vidole viwili, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja, umpe hewa ya kujaza mashavu tu. Na kwa mtoto usiache pumzi, kwa sababu mara nyingi moyo wake husimama baada ya kukosa hewa: kazama kwenye ndoo, kakabwa na karanga, kifua kimebana. Watu huogopa kumuumiza. "Mbavu hupona," huwaambia. "Bonyeza."

Miaka ikapita, wengine wakaona Alhamisi zile ni mchezo wa wazee. Mpaka Februari mwaka huu.

Fortunata, mke wa Melkiori wa mapazia ya jumla, alishika feni yenye waya uliochubuka, akaanguka nyuma ya kaunta. Melkiori alizima swichi kubwa kabla ya kumgusa, kama alivyofundishwa. Wakamtoa mpaka penye nafasi, mlangoni. Alikuwa hapumui. Mashuka yakapanda juu, pande nne, migongo ikageuka, sawasawa na mwaka ule. Hamis alisimama pale ukingoni akamtazama mwenye mke.

"Unanitazama nini, Hamis?" Melkiori alifoka. "Ingia!"

Bi Waridi alikuwa mwisho wa mtaa, ametoka kununua pamba. Aliona mashuka kwa mbali. Aliyaona yale yale, urefu ule ule, migongo ile ile, na kwa muda hakujua ni mwaka gani. Kisha akasikia sauti ya Hamis kutoka ndani, inapaa juu ya spika zote: "Jero! Jero! Jero!" Mama mmoja mpita njia akasimama na kikapu chake, akauliza, "Jero nini hapo, kaka? Foronya?" Kijana mshika shuka akamjibu bila kugeuka, "Mama yangu, hapa hatuuzi kitu."

Mwaka ule, ndani ya mashuka palikuwa kimya.

Alipofika alichungulia. Viwiko vya Hamis vimenyooka. Melkiori kapiga magoti pembeni, anamalizia zamu ya pumzi huku machozi yakimdondokea mkewe usoni. Hakukuwa na cha kusahihisha. Bi Waridi akapokea pembe ya shuka kutoka kwa yule kijana, akamsukuma ndani akapokee zamu, na yeye akabaki nje ameshika, amegeuka mgongo. Alinisimulia kwamba hapo ndipo alipojua jinsi shuka jepesi linavyolemea mikono, ukilishikilia juu huku unayemtakia uhai yuko nyuma yako na humwoni. Tangu siku ile, anasema, hana tena kinyongo hata kidogo na wale walioshika mwaka 2004. Sikujua kama aliwahi kuwa nacho. Alikificha vizuri.

Gari la wagonjwa lilifika, wataalamu wakaushtua moyo kwa umeme, wakaendelea naye hadi hospitali. Wiki kadhaa baadaye Fortunata alirudi kaunta, ameshika ubavu, na neno lake la kwanza lilisikika hadi kwetu: "Hamis, umenivunja mbavu mbili, halafu bado unaniomba bei ya jumla?" Hamis alipewa bei ile ile ya rejareja.

Kamati ilipomuuliza Bi Waridi anataka zawadi gani, hakutaka kitanda wala friji. Ameomba Shemeji na Mjukuu wasifungiwe kabatini. Wakae dukani kwa Hamis, na Alhamisi iendelee. Naongeza ombi langu, hata kama halipo kwenye ratiba: chumba cha chini ya ngazi kipate mhudumu mpya, kisigeuzwe stoo ya mapazia. Mjumbe atakayependekeza stoo tutaanza naye Alhamisi ijayo, alale chini ya mikono yetu badala ya Shemeji.

Jambo moja hakuwahi kutufundisha. Kwa miaka ishirini na moja, kila saa nne asubuhi, Bi Waridi huacha anachofanya, akatazama mlango. Hakuna aliyewahi kumuuliza anamngoja nani. Tarehe mosi Julai saa nne itafika, na safari hii sisi ndio tutakaotazama mlango ule.

Bi Waridi, asante kwa miaka yako na kwa mikono yako. Kapumzike Magomeni, ule vizuri, ulale mchana bila kuamshwa, Mungu akupe siku nyingi na njema. Saa nne ikigonga, mmoja wetu atakupigia simu, na hatakuwa na shida yoyote. Atataka kujua tu kama bado mzima. Nawe ukiuliza habari za mtaa, atakujibu: mashuka tumeyashika, na mmoja yuko ndani.