Mama Kamishna na Shimo Namba Sita

Ndugu waombolezaji, viongozi mliofika, majirani na wafanyakazi wenzake, familia inawaomba mtuvumilie kwa dakika chache, tumweleze mama yetu kama alivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi wa injini na mshona nguo, katika chumba ambacho meza ya cherehani ndiyo iliyokuwa meza ya kila kitu, na hapo ndipo alipojifunza kusoma. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1977, kisha akaingia chuo kikuu kusomea miamba, msichana pekee kati ya wavulana thelathini, ambao mwanzoni walimcheka na mwishoni wakawa wanapanga foleni kuazima madaftari yake.

Tarehe 1 Oktoba 1981 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa migodi, kazi iliyompa jina la Bi Nyundo, kwa kuwa hakupita penye ukuta wa mwamba bila kuugonga kwa nyundo yake ndogo na kuutegea sikio. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, baba yetu, aliyependa kuwatania wageni kwamba yeye hufundisha yaliyo juu ya ardhi na mkewe hukagua yaliyo chini, ndiyo maana hawagombanii kitu. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na baba akatutangulia mwaka 2015.

Tarehe 3 Februari 2003 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Madini, msimamizi wa sheria na sera ya madini, akahamia ofisi ya ghorofa ya nne yenye zulia na majalada yaliyorundikwa hadi dirishani, na tangu siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, akaanza kuijua migodi kwa karatasi.

Mwezi Juni 2006 mkaguzi mmoja alilifunga shimo namba sita la mgodi mmoja baada ya kuona nyufa, wenye mgodi wakaleta ripoti ya mtaalamu wao, wachimbaji mia tatu wakakaa getini siku tisa wakitaka kazi yao, simu zikapigwa kutoka kwa wakubwa, na Jumanne tarehe 20 mama akasaini barua ya kulifungua. Ijumaa tarehe 23, saa nane mchana, ukuta uliporomoka, wakafa wachimbaji watano.

Tume ya uchunguzi ilimsafisha, ikaandika kwamba alifuata sheria kama ilivyokuwa, lakini yeye hakukubali kusafishwa, akaomba likizo, akapanda basi peke yake na kwenda katika nyumba zote tano. Katika nyumba ya nne mama mzazi wa mchimbaji aliyekufa hakumpa kiti, na mama yetu akasema akiwa amesimama mlangoni, "Barua ya kulifungua lile shimo niliisaini mimi, na sikwenda kuliona." Yule mzazi akasogea kwenye benchi, akamwambia, "Kaa, mwanangu. Wenzako wote waliokuja waliniambia ni kazi ya Mungu."

Alirejea nyumbani amekonda, akakaa miezi bila kula nasi mezani, wala baba, kwa utani wake wote, hakuweza kumchekesha. Aliandika barua ya kujiuzulu, akaichana, akaanza kuandika kifungu cha sheria kisemacho kwamba shimo lililofungwa halifunguliwi ila na ofisa aliyeshuka ndani yake mwenyewe na kusaini akiwa huko chini. Rasimu ilirudishwa mara tatu, akaitwa mkaidi, akanyimwa safari na vikao, na tarehe 12 Aprili 2011 kifungu kikapitishwa. Wengi walimpongeza, lakini alituambia sisi wanawe kwamba kimechelewa kwa miaka mitano na watu watano.

Alistaafu tarehe 9 Machi 2018. Januari mwaka 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa mara nne, akafariki dunia asubuhi ya tarehe 6 Septemba, mikono yake ikiwa mikononi mwa wanawe. Wiki moja kabla, tulipomsomea historia hii, tulikuwa tumeliruka lile la shimo kwa kumhifadhia heshima yake, naye akatuambia kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Mengine fupisheni. Hilo lisomeni lote."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, ambao hawakumdanganya hata siku moja, majirani waliotupikia na kutufulia bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya madini, pamoja na wakaguzi waliosafiri usiku kucha kutoka migodini ili wawahi kulibeba jeneza lake.

Mama, tumelisoma lote. Sasa pumzika, pumzika kwa amani.