Fortunat Byamungu, Mlinzi wa Mstari wa Mbele

Bwana asifiwe. Kabla sijasoma maisha ya kaka yangu, mimi Kizito, mdogo wake, naungama mbele za Mungu na mbele yenu kwamba mwaka 1996 nilimpigia mama simu Uvira, nikamwambia Fortunat ananyimwa mpira, na mama akaingia kwenye maombi ya kufunga pamoja na wamama wa kanisa, wakiomba apewe hata mara moja.

Marehemu alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi pale pale na sekondari Bukavu, akafika London Oktoba 1990 akiomba hifadhi, akapata kazi ya kupakia mizigo Stratford, na huko kocha mmoja alimwona akisukuma lori dogo lililozimika, peke yake, huku akiimba pambio.

Mwaka 1995 alisaini na timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi na kuangushana, akacheza mstari wa mbele hadi 1998. Sisi ndugu tulikwenda uwanjani baada ya ibada, tukipiga kelele, "Mpeni basi!", lakini mpira haukufika mikononi mwake, nami kwa aibu sikuuliza, nikapiga simu. Mama alipomlilia kwenye simu, "Wanakunyima juu ya nini, mutoto wangu?", Fortunat alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mama, ule mpira ni wa Harrison, yeye ndiye anayeurusha. Kazi yangu ni kuzuia wanaotaka kumwangusha wasimfikie. Kuleni!" Mama alikula, ila mimi maneno yangu sikuyafuta, na humu wapo waliozoea kumwita Mlango, eti alisimama tu.

Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Emérence huko Thornton Heath, Mungu akawajalia Miradie na Gloire, waliomjibu kwa Kiingereza naye akaendelea na Kiswahili chake, wakaelewana vizuri kabisa. Alipoacha mchezo alihudumia wazee, akiwanyanyua kitandani kama anabeba mayai.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2008, na tarehe 2 Novemba Bwana alimchukua akiwa usingizini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Mama Kokila aliyempikia dengu alipokosa hamu ya chakula, wafanyakazi wenzake, na kanisa.

Kaka, lala kwa amani mpaka Bwana akuite. Kwa desturi yetu jeneza hubebwa na ndugu, na nafasi ya mbele ni yangu. Nimempa Harrison, yuko pale nyuma na wenzake Fortunat wa mstari wa mbele, maana wao wanajua alichowafanyia. Wanaume wa ukoo, nawaomba muwapishe.