Miaka Thelathini na Minne ya Kutoelewa

Ijumaa hii, tarehe 30, saa tisa na nusu alasiri, Mama Muhuri atafunga droo yake, atachukua mto wa kiti aliokuja nao mwenyewe kutoka nyumbani, na atastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika Idara ya Vitini ya chuo chetu. Katika muda wote huo hajafundisha somo hata moja, hajafanya mtihani wowote wa chuo, na hajawahi kuelewa jambo lolote kwa mara ya kwanza. Sifa hii ya tatu ndiyo iliyomweka kazini.

Kwa wageni watakaoshika jarida hili siku ya sherehe, ni vizuri kueleza kwamba sisi huandika vitini, yaani notisi za masomo. Tunawaandikia watu wanaosoma wakiwa nyumbani, kwa posta: wauguzi, askari, madereva wa malori, akina mama wenye watoto wachanga. Masomo ni ishirini na sita, kuanzia Kemia hadi Falsafa, na kila somo lina vitini vyake vyembamba vyenye jalada la kijivu. Mwanafunzi wetu hana mwalimu mbele yake. Akikwama ukurasa wa kumi na saba, hana wa kumnyooshea mkono. Amebaki yeye na ukurasa wa kumi na saba.

Mama Muhuri aliajiriwa kama mpigachapa. Alikuwa na elimu ya msingi, cheti cha kupiga chapa, na vidole vyenye kasi ya kutisha. Mwezi wake wa pili kazini alipewa muswada wa Fizikia kuhusu kanieneo. Alipiga nusu ukurasa, akasimama, akaubeba hadi kwa mkufunzi wa Fizikia na kumwambia kwamba vidole vimegoma. Mkufunzi, marehemu sasa, mtu wa kucheka mpaka madirisha yatikisike, alimjibu, "Dada, kazi yako ni kupiga, siyo kuelewa." Naye akasema, "Na mwanafunzi atasema kazi yake ni kukariri, siyo kuelewa. Sasa wa kuelewa ni nani?" Kisha mkufunzi akavuta kiti na kumweleza kwa nini kiatu chenye kisigino chembamba huzama kwenye matope na ndala hazizami, ingawa aliyevaa ni yule yule na uzito wake ni ule ule. Maelezo hayo yapo mpaka leo, Fizikia kitini cha kwanza, ukurasa wa nne. Matope yamebaki, visigino vimebaki.

Kuanzia hapo ikawa sheria, ingawa haikuandikwa popote: hakuna ukurasa unaokwenda kwenye mtambo wa kuchapa kabla Mama huyu hajauelewa. Ofisi ya utumishi ilihangaika miaka mingi kumtafutia cheo kinachofaa. Haikupata neno la mtu anayelipwa mshahara kwa kutoelewa, kwa hiyo anastaafu akiwa bado Mpigachapa Daraja la Pili, katika jengo ambalo halina mashine ya kupiga chapa tangu wengi wetu tulipokuwa bado shule ya msingi.

Muhuri ulikuja baadaye, alipochoka kuandika neno lile lile kwa mkono. Alikwenda kwa fundi wa mihuri na kuagiza muhuri wa mpira wenye neno moja, SIJAELEWA, kwa herufi kubwa. Fundi akamuuliza kama Sijaelewa ni kampuni au ni jumuiya ya kidini. Akamjibu kwamba ni jumuiya, tena yenye waumini wengi, ila wanaogopa kuonana.

Wino wake ni wa zambarau. Ukurasa uliogongwa hurudi kwa mwandishi, na mwandishi hulazimika kuja mwenyewe kukaa kwenye kiti cha bluu cha plastiki kando ya meza ya Mama, kile chenye mguu mmoja mfupi, na kueleza huku akiyumba. Watu wenye shahada tatu wamejulikana kupita korido ya nyuma, kwenye ndoo za mafagio, ili wasionane naye. Mkufunzi wa Uchumi aliandika kwamba bei itashuka "mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo." Muhuri ukatua, na pembeni kwa penseli: "Yalishabaki lini?" Mkufunzi wa Falsafa alirudishiwa kurasa tisa mfululizo. Alikuja juu, akasema falsafa ndivyo ilivyo, haieleweki hivi hivi. Mama akamwambia, "Basi tuwatumie karatasi nyeupe, baba. Tutaokoa wino." Maelezo ya moli katika Kemia yalirudi mara kumi. Ya kumi na moja yalipita, baada ya mkufunzi, akiwa amekwisha kukata tamaa na maisha, kusema kwamba moli ni kama dazeni ya mtu mwenye kichaa cha kuhesabu. "Mbona ulikuwa umeficha?" Mama aliuliza, akaweka muhuri kando.

Yupo pia mkufunzi wa Takwimu, ambaye ameomba kisa chake kiandikwe, jambo ambalo naliheshimu. Aliulizwa mchepuko sanifu unamwambia mtu nini hasa, siyo jinsi ya kuukokotoa. Akaanza kueleza, akasimama, akasema anakwenda kunywa chai. Alirudi baada ya siku mbili na kukiri kwamba amefundisha jambo lile miaka kumi na minane kama alivyopewa na mwalimu wake, na kwamba anashuku mwalimu wake naye alipewa vivyo hivyo. Wakakaa wakalitafuta pamoja. Leo kitini cha Takwimu ndicho kinachoibwa zaidi na vyuo vingine.

Tusimpambe kupita kiasi. Vitini vyetu huchelewa kila muhula, na mchelewaji tunamjua. Hula karanga juu ya miswada. Mhariri wa picha aliwahi kuchora mshale kuelekea doa la mafuta akidhani ni sehemu ya mchoro wa figo. Nyumbani nako ni yule yule. Mumewe, fundi baiskeli, anasema barua yake ya posa ilirudi mara mbili ikiwa na alama za kuuliza, na ya tatu aliifupisha ikawa mistari mitatu. Mpaka leo hamwandikii kitu kirefu zaidi ya hapo.

Na mara moja alishindwa. Mwenyewe ameagiza hili lisiachwe. Ulikuwa ukurasa wa Jiografia kuhusu saa na mistari ya longitudo, na mwandishi alikuwa mkuu mpya wa idara wa wakati huo, aliyeuleta mkononi akiwa na wageni watatu waliovaa suti. Mama aliusoma, akashika muhuri. Mkuu akacheka kidogo, akawaambia wageni, "Hii hata mwanangu wa darasa la tano anaijua." Wageni nao wakacheka. Mama akaweka muhuri chini na kuupitisha ukurasa. Ukurasa ulisema kwamba ukienda mashariki unapunguza saa, wakati inatakiwa kuongeza. Wanafunzi mia nne na kumi na wawili waliandika hivyo hivyo kwenye mtihani, wakakosa wote kwa umoja na mshikamano.

Baadaye ilikuja barua kutoka kwa muuguzi mmoja aliyekuwa akisoma baada ya zamu. Aliandika kwamba ukurasa ule ulimsumbua wiki nzima, alizungusha chungwa na tochi mezani mpaka watoto wakamwona amerukwa na akili, na kila alipojaribu jibu lilikataa. Akaamua kuandika kama kitini kinavyosema. Mstari wake wa mwisho ni huu: "Nilidhani ni mimi tu." Mama aliibandika barua ile kwa gundi upande wa ndani wa droo, mahali anapoiona kila akichukua muhuri. Hakupitisha tena ukurasa kwa aibu.

Mimi ninayeandika nilikuja miaka miwili iliyopita kuwa msaidizi wake, nikiwa na vyeti vya kutosha kuezekea kibanda. Siku ya kwanza alinipa ukurasa wa Biolojia. Nikausoma, nikatikisa kichwa kukubali, nikasema uko sawa. Akasema, "Haya, nieleze, mwanangu." Nikaanza kumsomea ukurasa ule ule kwa sauti. Hakunisema. Alisema tu kwamba nimesomeshwa vizuri sana, kwamba nimefundishwa kutikisa kichwa, na kwamba hamwachii muhuri mtu anayetikisa kichwa. Miaka miwili nimekaa kando yake nikigonga kurasa chini ya macho yake. Kugonga karatasi mwandishi akiwa mbali nimeweza. Kusema neno lile kwa mdomo, mbele ya mtu mkubwa, sikuwahi.

Mwezi uliopita ulitoka waraka kwamba akishaondoka, meza yake "itaoanishwa na mifumo ya uhakiki kwa mtazamo jumuishi." Jumanne iliyopita mkurugenzi alituita wote ukumbini, akaufafanua kwa dakika arobaini, kwa picha za ukutani zenye mishale na duara. Mama alikaa safu ya nyuma, mikono juu ya pochi. Alikuwa ametangaza kwamba hatasema neno. Anayeondoka hapangi viti. Kila mara mishale ilipobadilika, vichwa vilitikisika kukubali. Mkurugenzi akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu anayekunja karatasi zake.

Niliiona ile barua ndani ya droo kama vile ipo mbele yangu. Nikanyoosha mkono na kusema, "Samahani, mkurugenzi. Sijaelewa."

Akaeleza upya, vibaya zaidi. Nikasema bado. Nyuma yangu mkufunzi wa Uchumi akakohoa na kusema hata yeye. Kisha wa Takwimu: "Mimi pia, na safari hii sitakunywa chai." Watu wakacheka, na waliokuwa wakitikisa vichwa wakaacha. Mhasibu akauliza wazi kama meza ipo au haipo. Mkurugenzi, na hili ni kwa heshima yake, alichukua waraka, akausoma taratibu kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, akasema itabidi amuulize aliyeuandika. Waraka umerudishwa kuandikwa upya. Mpaka utakapoeleweka, meza inabaki ilipo. Kwa tunavyomjua mwandishi wake, tuna miaka mingi.

Mama hakunipongeza. Tulipotoka aliuliza tu kama nimekula. Kesho yake asubuhi nilikuta muhuri upo upande wangu wa meza, umefutwa vizuri, na kidau cha wino kimejazwa.

Wasifu huu umepita mezani kwake kama ukurasa mwingine wowote. Umerudi na doa la karanga na muhuri mmoja, kwenye sentensi niliyokuwa najivunia, isemayo kwamba anaacha pengo lisilozibika. Pembeni ameandika kwa penseli: "Pengo gani? Kiti si kina mtu?" Nimeifuta sentensi hiyo.

Kwa hiyo tuseme yale tunayoweza kuyaeleza. Asante, Mama, kwa kila ukurasa uliotuaibisha sisi wachache ofisini ili usiwaaibishe maelfu majumbani. Asante kwa visigino na matope. Tunakutakia mapumziko marefu, afya, karanga mpya kila wiki, na mume mwenye barua fupi. Kitini cha kwanza cha muhula ujao kitakuja kwako kwa posta, jalada la kijivu, kama kwa mwanafunzi mwingine yeyote. Ukikwama ukurasa wa kumi na saba, tuandikie. Hutakuwa wewe tu.