Fundi Plasta Aliyeahirisha Kupumzika

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 1966, baba yake Marehemu alikaa nje ya chumba cha uzazi akisubiri habari hadi kukapambazuka. Marehemu alikuwa kitindamimba. Bibi yake alipompokea alisema, "Huyu kachelewa kuja, atakimbia maisha yake yote."

Alisoma hadi darasa la saba, akahitimu mwaka 1980, kisha akaenda kwa mjomba wake kujifunza kupiga plasta.

Kazi aliipenda kupita kiasi. Jioni, wenzake wakishanawa, yeye alilaza tochi ukutani na kumulika. Palipoonyesha kivuli cha wimbi, alipabandua.

"Fundi, hapa panapakwa rangi. Nani ataona?"

"Mimi nimeshaona."

Wapo waliosema anatafuta sifa, wengine utajiri. Yeye alisema akiacha ukuta umepinda, usingizi haumjii. Lakini chumba chake mwenyewe cha kulala ni matofali matupu hadi leo. Mganga hajigangi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993. Sherehe ikiwa imenoga, alionekana akipapasa ukuta wa ukumbi.

"Jamani, bwana harusi kaoa ukuta!" shangazi yake alipiga kelele.

Mkewe alicheka na wengine, ila alijua kapata mke mwenza. Miaka yote alimsubiri na chakula kilichopoa, akimsihi, "Baba watoto, pumzika."

"Nikimaliza hii."

Mwanzoni mwa mwezi huu vumbi la saruji lililojaa kifuani lilimwangusha. Alilazwa akiwa amebakiza ukuta mmoja wa wodi ya wazazi katika zahanati mpya, na hakutulia kitandani. Binti yake mkubwa, aliyemfundisha kazi mwenyewe, akaenda kuumaliza. Alirudi hospitali jioni ya tarehe 9 mwezi huu, saruji ikiwa bado kwenye kucha.

"Umemulika?"

"Nimemulika, baba."

"Una mawimbi?"

"Ulikuwa na moja. Nimebandua, nikarudia."

Marehemu akamgeukia mkewe. "Haya, mama watoto. Napumzika."

Alfajiri muuguzi alifungua mlango wa wodi. Mkewe, aliyekuwa kwenye benchi la nje, aliinama akavaa viatu.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume na wajukuu wanne.

Alale salama, na kazi isimwamshe tena.