Dakika Thelathini na Nane za Mama Mkubwa

Benchi letu ni mlango. Mtu mmoja aliuleta kwa kaka yangu ubadilishwe kitasa, akahama mtaa kabla ya kuufuata, na Kaka akaulaza juu ya matofali nje ya kibanda chake cha kufuli. Tundu la kitasa bado lipo. Anayekaa penye tundu ni Kinyozi, kwa sababu chupa ya kahawa ni yake na kikombe chake husimama humo bila kumwagika. Volti, fundi wa redio na chaja, hukaa katikati. Mimi, ambaye wananiita Daftari kwa kuwa tarehe za ukoo ziko kwangu, hukaa upande wa bawaba. Kaka hakai. Husimama ndani, kiwiko juu ya dirisha la wateja, akipiga tupa ufunguo huku masikio yako nje.

Ijumaa hiyo palikuwa na kamera ya video katikati ya vikombe. Ndogo, ya rangi ya fedha, imetumika, na kioo chake cha pembeni kikifunguka kama mlango wa kabati. Kaka aliichukua Jumatano kwenye duka la vifaa vilivyotumika, kwa makubaliano ya kuijaribu siku mbili. Ijumaa saa kumi na moja mwenye duka angekuja mwenyewe kufuata kamera yake au pesa yake. Pesa hiyo Kaka alikuwa ameitenga kwa mashine ya kuchongea funguo, na shemeji, mke wake, alikuwa hajaambiwa. Saa ilikuwa tisa na nusu.

Namwita kaka, ingawa ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Mama Mkubwa anaishi nyumbani kwa Kaka mwaka wa nne huu, tangu atolewe mtoto wa jicho. Kaka ndiye anayemlisha, anayempeleka kliniki, aliyemtobolea ukuta choo kiwe karibu na chumba chake. Mdogo wake, Kitinda, ambaye ni wa mwisho kuzaliwa, huja mara moja kila wiki mbili, siku ya Jumamosi, wakati Kaka ana foleni ya wateja kibandani. Anakaa na mama yake saa mbili, anampiga video, anaondoka. Halafu anairusha mtandaoni. Ile ya Mama Mkubwa akichambua vifungo vya nguo ilikuwa imetazamwa na watu laki mbili na elfu kumi na mbili. Chini yake mtu asiyetujua alikuwa ameandika: Mungu ambariki kijana huyu anayemtunza mama yake.

Maneno hayo Kaka alikuwa ameyasoma mara nyingi kuliko alivyokubali.

— Si wivu, alisema siku ile, tupa ikienda mbele na nyuma. Mimi nataka tu video zangu ziwe nzuri kuliko zake.

— Huo siyo wivu, alikubali Kinyozi. Huo ni ushindani wa kifamilia.

Basi ikawa kazi ya kijiwe kuamua kama kamera ile ingetosha kumshinda Kitinda. Kwanza tulitazama kile Kaka alichokipiga Alhamisi asubuhi. Alikuwa amemvalisha Mama Mkubwa gauni lake la kijani, akamkalisha kwenye kiti cha sebuleni, dirisha likiwa nyuma yake, akaisimamisha kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia atulie. Kisha akabonyeza kitufe chekundu, akasogea pembeni akakunja mikono.

Mama Mkubwa alitulia. Alitulia dakika thelathini na nane, mpaka betri ikaisha. Mikono magotini, kidevu juu, macho kwenye lenzi. Dakika ya tisa alimeza mate. Kwenye dakika ya ishirini na moja nzi alitua kwenye paji la uso wake, akazunguka, akashuka hadi puani, akaondoka mwenyewe. Mama Mkubwa hakupepesa jicho. Mimi nilijua sababu, maana picha yake ya kwanza ya studio iko kwenye albamu yangu, ile aliyopigwa akiwa na miaka kumi na saba. Mpiga picha alimwambia akitikisika itaungua, na wangelipa upya. Sikusema. Nilimwona Kaka anavyokitazama kile kioo, na nilijua angeona namtetea mama dhidi yake.

Kinyozi alisema tatizo ni rangi. Shemeji alipoulizwa habari za kamera ya Kitinda alijibu kwamba ni kamera tu, nyeusi, na Kinyozi akalishikilia neno hilo kama mtu aliyeokota noti. Kamera ya rangi ya fedha, alieleza, inafanana na vyombo vya hospitali. Mzee akiiona anajikaza kusubiri sindano. Yeye mwenyewe alibadilisha mashine zake za kunyolea kutoka za fedha kwenda nyeusi, na tangu hapo watoto hawalii.

— Watoto hawalii kwa sababu siku hizi unawawekea katuni, alisema Volti.

— Na katuni naziweka kwenye televisheni ya rangi gani?

Volti hakuingia kwenye mtego huo. Yeye alikuwa na hoja ya kitaalamu. Akaigeuza kamera, akaipuliza, akatuonyesha kwamba haina tundu la kuchomekea maiki ya nje. Alisema kamera ya bei nafuu inakuhadaa kwenye picha na kukuangusha kwenye sauti, kwa hiyo anayetaka video za mtandaoni anunue maiki kwanza, kamera baadaye. Katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo pekee lilikuwa na akili, na hakuna aliyelifuata. Hata yeye mwenyewe aliliacha pale Kinyozi alipomwuliza maiki ingenasa nini kwa mtu aliyenyamaza.

— Ingenasa pumzi, alisema Volti baada ya kufikiri. Pumzi ya mama ni kitu kikubwa sana.

Kinyozi akatoa simu yake, akafungua video ya vifungo, akaisimamisha dhidi ya chupa ya kahawa. Tuliitazama kwa mara ambayo sitaki kuitaja. Mama Mkubwa yuko jikoni, kanga begani, sinia la vifungo mapajani, vidole vinapekua, midomo inakwenda. Anacheka, anafuta jicho kwa mgongo wa mkono, anaendelea. Mkono wa Kitinda unaingia na kumsogezea vifungo vingine. Chini, mtazamaji ameandika: hapo kwenye kifungo cha bluu nimelia.

— Mnaona? alisema Volti. Bluu ni rangi ngumu kwa lenzi. Ikikaa sawasawa, mtu mzima analia. Hiyo ni lenzi ya gharama. Kitinda ametuficha.

— Mshahara wa karani wa stoo unanunua lenzi ya gharama? aliuliza Kaka, na tupa ikasimama.

Hapo mlango ulifunguliwa kwa kila dhana. Kinyozi alidai Kitinda ana mtu wake huko mtandaoni anayemsukumia watazamaji usiku kwa mafungu. Volti akasema hapana, laki mbili ni mtu mmoja, mgonjwa wa usingizi, anayetazama mfululizo. Kinyozi akasema basi mtu huyo ameajiriwa. Wakakubaliana kwamba ameajiriwa. Kaka, ambaye kwa kawaida angewafukuza, aliuliza kama kuna namna ya kumpata huyo mtu.

Kisha wakafika kwenye uso wa Mama Mkubwa wenyewe. Volti alisema uso wa kila mama una upande wa kila mtoto. Kitinda amepata upande wake, Kaka akapiga upande usio wake, na ukipiga upande usio wako unapata kiti na gauni tu. Kinyozi akaongeza kwamba hayo yanatokana na kunyonya. Kitinda, kama ilivyo kwa wa mwisho, alinyonya miaka miwili kamili, Kaka labda mwaka mmoja.

— Mwaka mmoja na miezi minne, nilisema.

Wote waligeuka. Ilikuwa kweli. Mama yangu aliniambia, nami niliiandika. Lakini Kaka alinitazama kana kwamba nimeenda kumchukulia ile miezi minane na kumpa Kitinda kwa mkono wangu.

— Hata hilo unalo, Daftari, alisema taratibu. Na miaka minne ya dawa zake unayo? Umeandika nani aliyebeba ndoo bomba lilipokauka?

Nikamwambia nimeandika. Akasema hakuna anayelisoma daftari langu, huko mtandaoni wako laki mbili. Nikajimiminia kahawa ambayo sikuitaka.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano mwenye duka alifika. Sisi wa benchi tulitarajia mwanamume. Alikuwa dada wa makamo, mkoba begani, viatu vya kutembea mbali. Alisalimia mmoja mmoja, akakaribishwa kwenye mlango wetu, akakataa kahawa, akauliza kama fundi ameridhika na kamera. Kaka akamwambia kwa heshima kwamba kamera inaonekana nzima ila ina kasoro isiyoelezeka, na kama anaweza kupunguza bei kwa ajili ya kasoro hiyo angeichukua. Kinyozi akataja rangi. Volti akataja tundu la maiki.

Dada aliomba kuona. Akafungua kioo, akatazama Mama Mkubwa anavyotulia. Akasogeza mbele. Mama Mkubwa ametulia. Akasogeza tena, akakutana na nzi.

— Mama mzuri, alisema. Anaumwa?

— Mzima kabisa, alijibu Kaka.

— Haongei?

— Anaongea. Akiwa na mdogo wangu anaongea mpaka koo linakauka. Kinyozi, mwonyeshe.

Kinyozi alimpa simu kwa fahari, kama vile video ilikuwa yake. Dada akaitazama ile ya vifungo kutoka mwanzo. Tulimtazama akitazama, tukisubiri aone ile bluu, aseme ni kamera gani, ili tujue tumeshindwa na kitu gani. Alifika mahali Mama Mkubwa anapofuta jicho. Akainua uso.

— Hapa anasema nini?

Aliuliza kwa wepesi, kama mtu anayeuliza njia. Kinyozi akamtazama Volti. Volti akanitazama mimi. Mimi nikatazama tundu la kitasa.

Sauti ya simu ile ilikuwa imezimwa tangu siku ya kwanza. Kaka ndiye aliyeagiza hivyo. Hakutaka sauti ya Kitinda isikike mbele ya kibanda chake na wateja wamwulize ni nani. Sisi tukazoea. Wiki sita tulikuwa tumehesabu watazamaji, tumesoma maoni, tumepima mwanga na kubishana habari za lenzi, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kusikia neno lolote alilosema yule mama. Nami ni mtoto wa mdogo wake. Nina tarehe ya ndoa yake, ya kila mtoto, hata ya yule aliyefariki kabla ya Kitinda. Maneno yake mwenyewe sina.

— Nyumbani, basi, aliuliza dada, safari hii kwa sauti ya chini, akimtazama Kaka. Mkikaa naye huwa anasimulia nini?

Kaka alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Alipitia, nadhani, asubuhi zote za kumpa dawa, na jioni zote za kumwuliza amekula. Tupa ilikuwa bado mkononi mwake.

— Huwa ananiambia nikapumzike, alisema.

Kidole gumba cha dada kikaenda ubavuni mwa simu, kwenye kitufe cha sauti.

— Acha, alisema Kaka.

Akatoka nje ya kibanda. Akafuta mkono usio na tupa kwenye aproni, pande zote mbili, akaichukua simu kutoka kwa dada kama anayepokea kitu cha moto. Kisha akabonyeza kitufe mara moja tu, sauti ikawa ndogo kiasi kwamba sisi tuliokuwa hatua mbili hatukusikia kitu, akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa, akatugeuzia mgongo akitazama ukuta.

— Anasema nini? aliuliza Kinyozi.

Bega moja la Kaka lilipanda, likashuka. Baadaye dada aliichukua kamera kutoka kati ya vikombe, akakifunga kioo chake bila kelele, akaniuliza kwa macho kama inanunuliwa au airudishe dukani. Kaka hakuwa ametuona, lakini bila kugeuka aliinua mkono wenye tupa, kumwambia yeyote aliye nyuma yake asubiri kwanza.