Kuni za Nyumba ya Osundwa

Pale sokoni Matungu, karibu na mahali ambapo malori ya miwa hungoja zamu, palikuwa na benchi la ubao lililokaliwa hata likang'aa. Bashir aliuza kahawa ya tangawizi hapo, na wanaume waliokwisha kuuza miwa yao, au waliokuwa wakingoja kuuza, walikaa kuitengeneza nchi kwa maneno. Miaka hiyo miwa ilikuwa imefika hadi vizingitini. Watu walipata mabati, wakapata baiskeli na redio. Lakini ukitaka ukuni wa kuchemshia chai, ulishika njia hadi ng'ambo ya mto Nzoia. Asubuhi hiyo hakuna aliyeanza na siasa. Osundwa alikuwa amekuja na shauri la nyumba yake.

Mkewe, Milcah, alikuwa ameteleza ukingoni mwa mto akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Alilazwa katika hospitali ya misheni kule Mukumu, na kesho angerudi. Daktari alikuwa amemweleza Osundwa taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba uti wa mgongo umeumia, na mama huyu asibebe tena mzigo maisha yake yote. Maji, dada yake Osundwa alikuwa amekubali kuwachotea. Kuni ndizo zilizomshinda Osundwa. Makaa yalikuwa yamepanda bei, mafuta ya taa nayo yakayafuata, na fedha ya miwa ilikuja mara moja kisha ikakauka kama umande.

— Nataka tu nyumba ipike, alisema Osundwa. Akirudi, akute moto.

Sylvanus alitangulia kujibu. Alikuwa amesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala muhula mmoja, na tangu hapo watu walimwita Injinia.

— Baba Andati, alimwambia Osundwa kwa jina la mwanawe, hiyo ni kitu kidogo. Si unaonanga kiwanda ya sukari? Mvuke inatoka pale mchana na usiku, inapotea bure. Tuchimbe mtaro, tulaze bomba mpaka kila jikoni. Mama anafungua tu, obusuma, sima yetu, inaiva.

— Na bomba ikipasuka? aliuliza Bashir, akipepea jiko lake.

— Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tutajenga ukuta.

Phineas alicheka kwa dharau. Huyu aliwahi kuwa tarishi katika ofisi ya serikali, akaizungumzia serikali kama shemeji yake. Kwa hiyo jina lake lilikuwa Wizara. Alisema mambo ya mabomba yanahitaji kibali, na kibali hakitoki kwa mtu wa muhula mmoja. Dawa, kwa maoni yake, ilikuwa kupunguza matumizi.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema. Sasa wewe, mafuta ya taa ikipanda bei, tia maji. Chupa moja inakuwa mbili.

— Koroboi itazima, Wizara, alisema Bashir.

— Itazimaje, na mgema amesifiwa?

Benchi zima likacheka. Osundwa naye alicheka, maana mtu hawezi kukaa kijiweni na uso wa matanga, lakini kicheko hicho kiliishia kwenye meno. Alikuwa akiifikiria nyumba yake. Tangu kuni ziadimike, Milcah alikuwa ameacha kupika maharagwe, kwa sababu maharagwe hula kuni kuliko watu wanavyoyala. Alikuwa akipikia majani makavu ya miwa, ambayo huwaka kwa kelele nyingi kama umbea, na kuzima kabla maji hayajapata joto. Mtu anayeyapikia hawezi kuinuka mekoni hata akiitwa. Watoto walizoea kula sima na mboga iliyochovywa tu katika maji moto. Osundwa alikuwa ameyaona hayo yote na kuyaita ubanifu wa mwanamke mwerevu.

Bashir alitaja kwamba mama yake aliloweka maharagwe usiku kucha, akazungushia mafiga udongo ili moto usitoroke. Wizara akamkata, akasema hayo ni mambo ya jikoni. Injinia alikuwa ameshafika mbali zaidi. Alitaka vioo vikubwa viwekwe juu ya mapaa ili jua lipike. Alipoulizwa habari za siku za mvua, hakutikisika.

— Siku ya mvua watu wale mbichi. Mvumilivu hula mbivu, si ndiyo? Sisi hatujavumilia. Tena ng'ombe anakulanga mbichi, na nguvu anakushinda.

Walikuwa bado wakibishana juu ya ng'ombe wakati dereva wa lori la miwa aliposhuka kunyoosha miguu. Jina lake lilikuwa Kibiwott, mtu wa Nandi, na hakuwa amekaa sana upande huu. Alisalimu wazee, akapokea kikombe, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama mgeni mwenye adabu. Kisha akauliza kama hapa hapakuwahi kuwa na miti.

Wizara alimweleza. Miti ilikuwepo, tena mingi. Baba yake Osundwa aliacha kichaka kizima nyuma ya boma, na trekta ikaking'oa ili kupisha miwa. Kila mtu alifanya hivyo.

— Basi si mpande mingine kando ya nyumba? aliuliza Kibiwott.

— Nani apande? Mwanamume yuko kwa miwa.

— Na mama?

Bashir akaacha kupepea. Injinia akajikohoza. Ni Wizara aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgeni.

— Kwetu mwanamke hapandi mti, ndugu yangu. Akipanda, bwana yake anakufa. Hata huyu Osundwa tulimwokoa. Bibi yake alipewa miche ya mikalitusi na akina mama wa kanisa, akaipanda nyuma ya bafu, mahali maji yanamwagikanga. Huyu akaja akatuambia. Tukamwambia hapa hapa: ng'oa, hiyo ni sanduku yako ya kuzikiwa inamea. Akang'oa. Unamuona? Mzima.

Osundwa alitazama chini. Miwa yake ilikuwa imekatwa na kuchipua tena tangu siku ile. Alijua, bila kuambiwa, kwamba miche ile sasa ingekuwa imelipita paa.

Kibiwott alimtazama, akamtazama Wizara. Hakuwa na kejeli usoni. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Na yule aliyekufa ni nani?

— Yupi?

— Yule ambaye bibi yake alipanda mti, akafa.

Wizara akamtaja Elkanah.

— Elkanah alikufa maji, alisema Bashir polepole. Mimi nilikuwa pale wakimtoa. Na kwake hakukuwa na mti.

Injinia akasema kulikuwa na mwingine, upande wa Mumias. Wakamwuliza jina. Akajikuna shingo, akasema alisikianga tu. Wizara akahesabu kwa vidole wafu wote aliowajua, midomo ikicheza bila sauti, na vidole vikamwishia bila kumpata aliyekufa kwa mti. Kibiwott akamaliza kahawa yake. Alimlipa Bashir, akamwambia Osundwa pole kwa ajili ya mama, akarudi kwenye lori lake.

Bashir akarudi kupepea jiko. Osundwa aliishika kahawa yake mpaka ikapoa. Kwa mawazo alikuwa amerudi nyuma ya bafu, siku ile, ameinama, anang'oa. Udongo ulikuwa laini, miche ikatoka bila ubishi, na akaitupa karibu na mlango wa jiko ili Milcah aione. Jioni Milcah alirudi kutoka mtoni, akaiona. Aliikusanya, akaivunjavunja, akaipenyeza kati ya mafiga, akainama kuipuliza. Miche ilikuwa bado mibichi. Jiko lote lilijaa moshi, na Osundwa, aliyekuwa amekaa mlangoni akingoja chakula, alimwona mkewe akiyafuta macho kwa ncha ya leso, akifuta tena na tena, naye akasogeza kiti chake nje kidogo, akidhani ni moshi.